Kompyuta Ndogo ya Sinema Nyumbani: Jinsi ya Kuchagua Vifaa Visivyokula Umeme Mwingi

Kompyuta inayokaa chini ya runinga hupitisha sehemu kubwa ya siku bila kufanya lolote. Ukitazama filamu mbili, hizo ni saa 4; saa 20 zilizobaki inasubiri tu rimoti ibonyezwe. Ndiyo maana namba ya kwanza kuitafuta ni wati inazokula ikiwa imetulia. Hesabu yake ni nyepesi: wati 1 ikiliwa saa 24 kwa siku 365 ni kilowati-saa 8.76. Mashine inayotulia kwenye wati 40 humeza kilowati-saa 350 kwa mwaka. Inayotulia kwenye wati 7 humeza 61. Isitoshe, kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto, joto huita feni, na feni husikika pale pale filamu inaponyamaza.

Kosa linalorudiwa mno ni kununua prosesa yenye nguvu nyingi ili video ya 4K isikwame. Ndani ya chipu mna sehemu ndogo iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kusimbua video. Ikiwa sehemu hiyo, tuiite kisimbuzi, inaijua kodeki (mbinu iliyotumika kubana video) ya faili lako, prosesa ya wati 6 itacheza 4K huku imekaa karibu bure. Ikiwa haiijui, kazi yote inaangukia viini vya prosesa, na hata chipu kubwa itatoa jasho. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata ukweli huo.

Hatua ya 1: Jua faili zako

Kabla ya kutazama kifaa chochote, chukua faili kama kumi za aina unazotazama kweli na uzifungue kwa programu ya MediaInfo. Andika mambo manne kwa kila faili: kodeki (H.264, HEVC, VP9 au AV1), idadi ya biti za rangi (8 au 10), ukubwa wa picha pamoja na fremu kwa sekunde, na aina ya sauti.

Angalia hasa H.264 yenye biti 10, ambayo hupatikana sana kwenye katuni za Kijapani. Visimbuzi vya chipu ndogo tunazozijadili hapa havina uwezo nayo, kwa hiyo viini vya prosesa ndivyo vitakavyoibeba. Kwa picha ya 1080p, viini vinne vya kisasa vinamudu. Viini viwili vya zamani vitakatakata.

Ikiwa unachotazama zaidi ni huduma za filamu za kulipia kupitia intaneti, simama hapa kwanza. Kwenye kivinjari cha Linux ulinzi wa Widevine, unaozuia filamu kunakiliwa, huwa wa ngazi ya chini, L3, na huduma nyingi hushusha ubora wa picha kwa ngazi hiyo. Hakuna kifaa kitakachorekebisha jambo hilo. Programu iliyomo ndani ya runinga yenyewe, au kisanduku chenye leseni, kitakupa picha bora kwa umeme mdogo zaidi. Mwongozo huu ni kwa wenye faili zao wenyewe.

Hatua ya 2: Chagua chipu kwa kisimbuzi chake

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa sababu kisimbuzi hakiwezi kuongezwa baadaye kwa programu.

Kwa upande wa Intel, kizazi cha 6 kinasimbua HEVC ya biti 8 tu. Kizazi cha 7 kiliongeza HEVC na VP9 za biti 10, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kwa mtu mwenye filamu za 4K. AV1 ilikuja na kizazi cha 11. Chipu ndogo zina mstari wake wa pembeni: J4125 inasimbua HEVC ya biti 10 na VP9, N5105 vilevile, ila zote mbili hazina AV1. N100, iliyotoka mwaka 2023, inazo zote, ina viini vinne na kiwango cha joto cha wati 6. Kwa anayeanza leo bila kifaa chochote, hii ndiyo chaguo la kwanza.

AMD ilileta AV1 kwenye Ryzen 6000 za kompyuta za mkononi, zile zile zinazowekwa kwenye visanduku vidogo. Jihadhari na majina ya mfululizo wa 7000. Ryzen 5 7530U inasikika kama mpya, lakini sehemu yake ya picha ni Vega ya zamani na haina AV1. Tarakimu ya tatu ndiyo inayokuambia kizazi cha viini: 3 maana yake ni Zen 3 au Zen 3+.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inahitaji kuelezwa kwa uangalifu, maana toleo jipya halikuongeza kila kitu. Pi 4 inasimbua H.264 hadi 1080p na HEVC hadi 4K ya fremu 60. Pi 5 imebaki na HEVC peke yake, H.264 hubebwa na viini, ambavyo vina nguvu ya kutosha kwa 1080p. Zote mbili hazina kisimbuzi cha VP9 wala AV1. Maktaba yako ikiwa ni H.264 ya 1080p na HEVC ya 4K, Pi inafaa sana na hula umeme kidogo mno. Ukiwa na AV1 ya 4K, achana nayo.

Kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, za kizazi cha 7 na 8, ni chaguo la heshima kama huna AV1. Wengi hutafuta zenye herufi T mwishoni mwa jina la prosesa, zilizowekewa wati 35 badala ya 65. Herufi hiyo hupunguza umeme wakati wa kazi nzito tu. Zikiwa zimetulia, tofauti kati ya mbili hizo ni ndogo sana. Usilipe zaidi kwa ajili ya T. Na usiongeze kadi ya picha kwenye mashine ya zamani ili ipate kisimbuzi kipya: kadi yenyewe huendelea kula wati kadhaa hata pasipo video yoyote.

Neno kuhusu namba ya wati kwenye karatasi ya chipu. Hicho ni kiwango cha joto la prosesa ikiwa kazini, si umeme unaotoka kwenye soketi ya ukutani. Watengenezaji wengi wa visanduku vya N100 huiruhusu ipande hadi wati 15 au 25, na juu yake kuna RAM, diski, mtandao na upotevu wa adapta. Tarajia wati 6 hadi 10 ukutani ikiwa imetulia.

Hatua ya 3: RAM na diski

GB 4 za RAM zinatosha kwa Kodi, programu ya kuchezea filamu, peke yake. GB 8 zinatosha kwa Kodi pamoja na kivinjari. N100 ina chaneli moja tu ya RAM, kwa hiyo kipande kimoja hakikupunguzii kitu. Kwenye prosesa za kizazi cha 7 na 8 weka vipande viwili vinavyolingana, kwa sababu picha huchota kumbukumbu hiyo hiyo.

Mfumo uweke kwenye SSD ya GB 128. Hata 64 zinatosha. Kisanduku chenye eMMC (chipu ya kuhifadhia data) iliyogandishwa kwa risasi kwenye bodi kikwepe kama kuna kingine chenye nafasi ya M.2 (tundu la kuchomeka SSD), kwani eMMC ikifa huwezi kuibadilisha.

Filamu zenyewe ndizo zenye mtego. Diski ya inchi 3.5 huvuta takriban ampea 2 kwenye njia ya volti 12 inapoanza kuzunguka, yaani wati 24 kwa sekunde chache, hata kama baadaye inatulia kwenye wati 5. Adapta ndogo ikishindwa sekunde hizo, mashine hujizima na kujiwasha bila sababu inayoonekana. Diski ya inchi 2.5 hutumia volti 5 na ni rafiki zaidi. Lakini kwenye Pi 5 yenye adapta ya ampea 3, milango yote ya USB hugawana miliampea 600 tu: diski inatoa mlio wa tik-tik kisha inapotea. Tumia adapta ya volti 5 ampea 5, na mgawo huo unapanda hadi ampea 1.6.

Zima mzunguko wa diski isipotumika. Kwenye Linux, `hdparm -S 120 /dev/sdX` huilaza baada ya dakika 10; badala ya sdX weka jina la diski yako. Usiweke dakika 1. Kulala na kuamka kila mara huichosha.

Ikiwa filamu ziko kwenye seva ya nyumbani, hakikisha mlango wa mtandao ni wa gigabiti. Diski za Ultra HD Blu-ray huweza kuvuka megabiti 100 kwa sekunde, na waya wa megabiti 100 utaziba penye vurugu nyingi za picha huku ukipita vizuri kwingine kote. Dalili hiyo huwafanya watu wailaumu prosesa bure.

Hatua ya 4: Umeme

Ukinunua kisanduku kilichokamilika, ruka hatua hii.

Ukijenga mwenyewe kwa bodi mama ndogo ya aina ya mini-ITX, usiweke pawasaplai ya ATX (ile ya kompyuta kubwa za mezani) ya wati 500. Alama ya kawaida ya ufanisi wa pawasaplai, 80 PLUS, hupimwa kuanzia asilimia 20 ya mzigo, ambayo hapa ni wati 100. Mashine yako inayotulia kwenye wati 10 iko mbali chini ya hapo, mahali ambapo pawasaplai hupoteza sehemu kubwa ya inachovuta. Chukua bodi yenye tundu la umeme wa DC la volti 12 au 19, au kibao kidogo cha kugawa umeme, picoPSU, cha wati 80 hivi pamoja na adapta ya volti 12. Jumlisha kilele: mfumo wa N100 wati 30, diski moja ya inchi 3.5 wati 24. Adapta ya wati 60 ndiyo ya chini. Ukiwa na diski mbili nenda 90.

Hatua ya 5: HDMI na sauti

HDMI 1.4 huishia 4K ya fremu 30. Filamu nyingi ni za fremu 24, hivyo zitapita, ila menyu itakokota na michezo ya fremu 60 itakatika. Tafuta HDMI 2.0 na waya uliothibitishwa kwa gigabiti 18. Kompyuta nyingi za ofisini zina HDMI 1.4 pamoja na DisplayPort 1.2, hapo tumia kigeuzi amilifu cha kutoka DisplayPort kwenda HDMI 2.0, ukijua kwamba HDR (picha yenye mwangaza na rangi pana zaidi) mara nyingi haipiti kwenye kigeuzi. Kwa HDR kwenye Linux, Kodi iendeshwe juu ya GBM (njia ya kuchora moja kwa moja kwenye skrini) bila X11 (mfumo wa madirisha). LibreELEC, Linux iliyoandaliwa kwa ajili ya Kodi, hufanya hivyo kwenye toleo la Generic; Generic-Legacy hutumia X11.

Kwa sauti, unganisha mashine kwenye amplifaya kwanza, kisha amplifaya kwenye runinga. Ukiipitishia runinga, ARC ya kawaida (njia ya HDMI ya kurudisha sauti kutoka runinga hadi amplifaya) haina nafasi ya sauti zisizopunguzwa ubora, TrueHD na DTS-HD Master Audio, inahitajika eARC, toleo lake jipya. Waya wa sauti wa mwanga (optical) una kikomo hicho hicho.

Rimoti ya runinga huiamuru Pi moja kwa moja kwa njia ya CEC, amri zinazopita ndani ya waya wa HDMI. Kompyuta nyingi za x86 (zenye chipu za Intel au AMD) hazina CEC kwenye HDMI, hivyo panga bajeti ya adapta ya USB ya CEC au kipokezi cha mwanga wa rimoti. Kipokezi cha kibodi isiyo na waya usikichomeke kando ya mlango wa USB 3 wenye diski: USB 3 hutoa kelele kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, na vitufe huanza kurukwa. Waya wa USB 2 wa sentimita 50 unaokitoa nyuma ya kisanduku hutibu tatizo hilo.

Hatua ya 6: Pima, kisha rekebisha

Chomeka kipima wati kwenye soketi. Iache mashine dakika 15 kwenye menyu, soma. Cheza faili zito, soma tena.

Ikiwa inatulia juu ya ulichotarajia, endesha `powertop` na uangalie hali za C za kifurushi, yaani ngazi za usingizi wa prosesa. Ikikwama C2 au C3, kuna kifaa kinachoizuia isilale. Mara nyingi ni kadi ya mtandao au kidhibiti cha SATA ambacho ASPM yake (uokoaji umeme wa njia ya PCIe) imezimwa. Iwashe kwenye BIOS, kisha `powertop --auto-tune`. Huko huko kwenye BIOS, shusha kikomo cha umeme wa muda mrefu, PL1, cha N100 hadi wati 10. Kisimbuzi hakitaathirika, na feni ndogo za milimita 40, zenye mlio mwembamba unaochosha masikio, hazitakuwa na sababu ya kupanda.

Kuhakikisha kisimbuzi kinafanya kazi, andika `vainfo` kwenye Intel au AMD. Utafute VAProfileHEVCMain10 na VAProfileAV1Profile0, kila moja ikiwa na VAEntrypointVLD, yaani uwezo wa kusimbua. Kisha cheza faili kwenye Kodi, bonyeza herufi O, na usome mstari wa kisimbuzi: lazima uone HW. Ukiona SW kwenye HEVC, ama draiva haipo, ama uharakishaji wa VAAPI (njia ya Linux ya kutumia kisimbuzi) umezimwa kwenye mipangilio.

Jaribio la mwisho ni filamu nzima ya 4K, mlango wa kabati ukiwa umefungwa kama utakavyokaa siku zote. Pi huanza kupunguza kasi kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, na kabati lisilo na tundu nyuma linaweza kuifikisha huko. Picha ikiruka kidogo kila baada ya sekunde 42 hivi, joto halihusiki: runinga iko kwenye 24.000 wakati filamu ni 23.976. Washa mpangilio wa Kodi wa kubadilisha kasi ya skrini kuanzia mwanzo wa video, na uruhusu 23.976 kwenye orodha ya kasi.