Ukija Shamba Pemba kwa Siku Mbili, Anza na Jiko

Simu huja Alhamisi usiku. "Mwalimu, kesho tunavuka. Tupo sita, tunataka kukaa shamba mpaka Jumapili, tutakula hukohuko." Huwa ni ndugu, au rafiki wa ndugu, wa Unguja au wa Dar es Salaam, kachoka na foleni na kelele. Moyo hunifurahi, kwa sababu napenda wageni. Kisha naanza kuhesabu: samaki wa kesho ameshauzwa, nazi zilizobaki ndani ni tatu, na wifi yangu, ambaye ndiye fundi wa mikate, yuko arusini Wete.

Nasomesha skuli huku Konde, kaskazini ya Pemba, na kwa miaka mingi nyumba yetu imekuwa kituo cha kila anayetaka kuona msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi. Hoteli za watalii zipo ufukweni, sizisemei. Naandika kwa ajili ya anayetaka shamba lenyewe, alale kijijini na ale kinachopikwa kijijini. Chakula chetu ni kizuri mno, lakini hakikai dukani kikikungoja. Kiko juu ya mti, kiko baharini, au kiko mikononi mwa mtu anayejua kukipika. Kwa hiyo safari yako isianze na tiketi, ianze na jiko.

Piga simu mapema, Jumatatu au Jumanne. Kama una jamaa huku, mwambie mko wangapi na mnataka kula nini. Kama huna jamaa, chukua chumba katika nyumba ya wageni Wete, kisha muulize mwenye nyumba akutafutie mama wa kupika Konde au Makangale. Hakosekani. Kubaliana naye bei ya kazi na umpelekee fedha za matumizi siku mbili kabla, maana ndizo zitakazonunua samaki alfajiri. Wageni wengi hulikosea hili: humpa mpishi fedha wakishakula, wakidhani ndiyo adabu. Huyo mama atatoa wapi mtaji wa kulisha watu sita?

Kabla hujachagua tarehe, tazama mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunakuwa na bamvu: maji hujaa sana na hupwa sana. Siku hizo bahari hukauka kiasi cha saa nne asubuhi, miamba ikatoka nje, na wanawake wakatoka na mchokoo wa kuchokolea pweza. Jioni, kama saa kumi, maji huwa yamejaa tele na ndio wakati wa kuoga. Maji mafu ni kinyume chake: asubuhi bahari imejaa, alasiri imepwa, na haipwi mbali. Ukitaka kula pweza aliyetoka mwambani siku hiyohiyo, njoo kwenye bamvu. Ukija kwenye maji mafu omba samaki kama changu au kolekole, wala hutopata hasara. Vijiji vingine, kama kule Kisiwa Panza upande wa kusini, wameweka utaratibu wa kufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukifika mahali ukaambiwa mwamba umefungwa, usibembeleze.

Kuvuka nako kuna majira yake. Miezi ya kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba, mkondo kati ya Unguja na Pemba huchafuka, na asiyezoea bahari hufika Mkoani hajijui. Kaa nyuma ya boti, karibu na katikati, na usipande na tumbo tupu. Jambo jengine nalisema kwa uzito wote: ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iliyokuwa ikija Pemba ilizama, nayo ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Huku kwetu kuna nyumba ambazo hadi leo usiku ule hautajwi kwa sauti. Shamba halihami, utakuja wiki nyengine.

Wengi hushukia Mkoani, na Konde iko ncha ya pili ya kisiwa. Panda gari ya Chake Chake, ubadilishe pale, upande ya Konde. Kaa dirishani. Pemba si tambarare kama Unguja: ni vilima na mabonde, mpunga bondeni, mikarafuu mlimani, na kila baada ya kona unaona hori la bahari limeingia ndani mpaka mikokoni. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Khudhra, cha kijani, na ukipita baada ya mvua za masika utajua hawakutia chumvi. Ukishuka Chake wakati wa sala ya Ijumaa utakuta maduka yamefungwa, basi usihangaike, nawe kaswali au kaa barazani upumzike.

Sasa nikwambie kosa lililowaharibia safari wageni wangu wa mwaka juzi. Walitaka popo wa Kidike, kisiwa cha Misali, Ngezi, magofu ya Pujini na bandari ya Wete, vyote ndani ya siku mbili. Walilala garini, wakala biskuti, na sinia la wali tuliloliandaa likaja kuliwa na majirani. Chagua upande mmoja. Ukichagua kaskazini, Misali iache, ile inataka siku yake peke yake kutokea Wesha.

Jumamosi toka alfajiri, baada ya sala, ukishakunywa chai. Chai ya kwetu asubuhi ni mkate wa kumimina ukiwa na bahati. Mchele hurowekwa usiku, ukasagwa na tui zito, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Ukimiminwa sufuriani, moto unakuwa chini na makaa yanakuwa juu ya mfuniko, na hapo mpishi hasogei. Harufu ya iliki na nazi inayoungua kidogo pembeni itakuamsha kabla ya adhana. Kama mkate haupo utapata chila au muhogo wa kuchemsha na samaki wa kukaanga, na hivyo navyo ni neema.

Kutoka Konde, barabara ya Makangale inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Lipa kiingilio pale mlangoni, umchukue na mtembezaji. Vaa viatu vya kufunga na suruali ndefu, kwa ajili ya mbu na siafu. Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu namna hii, kabla ya kufyekwa kwa ajili ya mikarafuu, na hiki ndicho kipande kikubwa kilichobaki. Utaona mivule ambayo watu wanne hawaikumbatii. Nyamaza usikilize: ninga wa Pemba, ndege wa kijani asiyepatikana kwengine duniani, utamsikia kabla hujamwona. Kwa mwendo wa taratibu saa mbili zinatosha.

Ukitoka msituni unafika Vumawimbi. Jina limejieleza lenyewe. Ni mchanga mweupe kwa urefu ambao macho huchoka, nyuma yake miti, na siku nyingi humkuti mtu zaidi ya wavuvi wanaovuta nyavu. Chukua maji ya kunywa, kwa sababu duka hakuna. Kinamama waogee na kanga na nguo ya kusitiri, kinababa wasipite kijijini vifua wazi. Hapa ni kwa watu, watoto wetu wanapita kwenda chuoni kusoma Kurani. Aliye na miguu aendelee mpaka Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Mlinzi akiwepo muombe kwa adabu, huenda akakuruhusu upande. Juu pale unaiona ncha yote ya kaskazini, mawimbi upande wa mashariki na maji yaliyotulia upande wa magharibi, kwenye ufukwe wa Verani.

Rudi nyumbani kwa chakula cha mchana, na tafadhali rudi kabla hakijaiva. Ingia jikoni. Piga hodi, salimia wakubwa "Shikamoo bi," na uombe kazi. Pale ndipo penyewe.

Pweza akija kutoka pwani hupigwa juu ya jiwe kwa gongo, tena si mara tano, ni mpaka mikia yake ilegee kabisa kama kamba iliyorowa. Huoshwa utelezi wote utoke. Huwekwa sufuriani bila maji na bila chumvi, afunikwe, atoe maji yake mwenyewe ya rangi ya zambarau, apikike humohumo mpaka yakauke. Wifi yangu humjaribu kwa kijiti cha ufagio: kikiingia pasi na kusukuma, ameiva. Hapo ndipo akatwapo vipande. Mtu wa pili anakuna nazi juu ya mbuzi, na kwa pweza wa kilo mbili tunatumia nazi mbili kubwa. Maji ya kwanza ndiyo tui zito, linawekwa kando. Maji ya pili, jepesi, yanapikiwa na kitunguu, thomu iliyotwangwa, tungule, manjano kidogo na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Pweza anaingia, chumvi inaingia, na mwisho kabisa tui zito, huku unakoroga kwa upole bila kuacha, kwa sababu likikatika umelipoteza. Ndimu ni baada ya kuepua.

Kinachofuatana naye ni wali wa nazi, au shelisheli wakati wa msimu wake. Shelisheli la kupikwa kwa nazi, likalainika mpaka likaanza kujipondaponda lenyewe ndani ya tui, sijaona chakula cha kulishinda, na nimekula mjini kwenye vitambaa vyeupe. Mtanawa mikono, mtakaa mkekani, sinia litakaa katikati. Kula upande wako, na nyama ikisukumiwa kwako na mwenyeji usiikatae.

Wanaokuja Ramadhani huniuliza kama ni vibaya. Mchana hutopata chakula hadharani wala usile njiani. Lakini ukifunga nasi utakula futari ambayo mwaka mzima haipikwi yote kwa pamoja: majimbi, ndizi mbichi, muhogo, kunde, tambi, na uji. Mimi nasema njoo.

Jioni lala kidogo, kisha utoke nje ya nyumba karibu na magharibi utazame juu. Popo wa Pemba, ambao hawapo pahala pengine popote, huruka kutafuta matunda. Mabawa yao yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu, na wakipita chini utasikia yanavyokata upepo. Wazee wetu waliwala, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache wa kutia huruma. Vijiji viliamua kuwahifadhi, Kidike kikiwa mashuhuri zaidi, na sasa ni maelfu. Usiwarushie jiwe ili waruke upate picha.

Jumapili asubuhi, ikiwa ni kuanzia Julai na mwaka umekubali, omba kupelekwa kwenye karafuu. Utamkuta mchumaji juu ya mkarafuu na kamba na pakacha, chini watoto na bibi zao wanachambua, wakitenga karafuu na makonyo kwa kuvisokota kiganjani. Zinaanikwa kwenye majamvi siku tatu mpaka tano kutegemea jua, zikageuka kutoka kijani na wekundu mpaka hudhurungi. Chambua nao nusu saa, harufu itakaa vidoleni mpaka ufike kwako. Usiruke jamvi na usikanyage. Na usinunue karafuu kwa kilo majumbani hata ukiuziwa rahisi: karafuu huuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo humtia mkulima matatani kabla yako. Za chai na pilau nunua dukani.

Kinachofaa kubebwa ni halua, ipitie Wete, uinunue ikiwa bado ina uvuguvugu. Ondoka mapema, usikimbizane na boti.

Mwenyeji hatokuacha uende mikono mitupu. Atakufungia samaki wa kukaanga na vipande vya mkate ndani ya kopo au bakuli lake lenye mfuniko. Bakuli lile si lako. Lioshe, ukifika Unguja mtafute mtu anayevuka, mpe alipeleke, na ndani yake utie kitu, sukari au tende au embe boribo tatu, kwa sababu huku kwetu chombo hakirudi kitupu. Andika jina la mama na kijiji juu ya kipande cha plasta. Konda wa gari ya Konde atalifikisha mpaka mlangoni.