Galway usiku: venye utazunguka baa za muziki laivu kama umetoka Nairobi

Kama unapanga safari ya Ayalandi, jua kwanza visa ya Schengen haikuingizi huko, wako na yao kivyao na Mkenya lazima aitafute. Hiyo tukiimaliza, tuongee mambo ya usiku. Dublin baa ziko, sikatai, lakini kwa muziki mimi naambia watu wapande basi au treni waende magharibi kama masaa mawili na nusu hivi mpaka Galway, mji mdogo wa zamani ulio kando ya bahari ambao unaweza kuzunguka baa zake zote za maana kwa miguu bila kuitisha teksi hata moja.

Kitu ya kwanza ni saa. Nairobi mtu anaoga saa tatu usiku, anaingia klabu saa tano, bendi nayo inaanza kujaribu maiki ikikaribia saa sita. Ukienda Galway na hiyo ratiba utapata wanapanguza meza. Sheria yao inafunga kaunta ya baa ya kawaida saa tano na nusu usiku Jumatatu mpaka Alhamisi, saa sita na nusu Ijumaa na Jumamosi, Jumapili saa tano, alafu unapewa nusu saa umalize glasi yako. Kuna zenye kibali cha kuendelea mpaka saa nane na nusu lakini hizo mara nyingi ni za didjei na kusukumana, na hiyo si tuko nayo Westlands? Na usidanganywe na mwangaza, mwezi wa sita jua linazama huko baada ya saa nne usiku so unaweza kudhani ni jioni kumbe watu wako raundi ya mwisho.

Kula mapema. Jikoni za baa nyingi zinafungwa kitambo kabla ya kaunta na nje hakuna mtu wa mutura wala smokie. Kuna McDonagh's pale Quay Street, samaki na chipsi, inatosha.

Mimi ningeanzia Tig Cóilí, iko Mainguard Street, kabaa kadogo tu lakini kila siku wanapiga muziki mara mbili, kuna ya jioni kama saa kumi na mbili na ingine kama saa tatu na nusu usiku. Fika nusu saa mbele ama usimame. Taaffes iko hapo karibu Shop Street, ukikosa nafasi huku unaingia kule. The Quays na The King's Head ni kubwa na bendi zao zinapiga zile nyimbo kila mtu anajua, sawa kama mko kundi na mnataka kelele, lakini hizo hazifai kukutoa Nairobi.

Sasa hapa kwa sesheni, yaani wapigaji wa muziki wa kienyeji wakikutana kupiga pamoja kwa baa, ndio watu wetu wanaharibu. Hakuna jukwaa, mara nyingi hata maiki hakuna, ni meza tu ya kona na watu wamekaa wakiangaliana. Fidla mbili, akodioni, banjo, filimbi ya bati, na bodhrán, hiyo ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi mtu anaishika wima kwa goti anaipiga na kijiti. Ukibahatika utaona uilleann pipes, mtu anabana mfuko wa hewa kwa kiwiko badala ya kupuliza na mdomo. Wanashonanisha nyimbo mbili tatu bila kusimama, mmoja anainua nyusi ama anatikisa kichwa na wote wanabadilisha pamoja, na hapo katikati usipige makofi, ngoja mwisho. Viti vya hiyo meza ni vya wapigaji hata vikiwa tupu, na glasi yako isikae hapo.

Jamaa wa mugithi hapa kwetu anakutaja jina, anakutungia mstari, unaenda mbele unamtuza noti. Galway hakuna kutuza. Wale watu wa kona wanapigiana wao kwa wao, wewe umeruhusiwa kusikiliza, so usiitishe wimbo na usiwawekee simu usoni. Wakikufurahisha ongea na mtu wa kaunta uwalipie kinywaji, itawafikia. Na mtu akianza kuimba peke yake bila ala, baa yote inanyamaza, hata yule mlevi, kuongea wakati huo ni kama kupokea simu katikati ya maombi ya matanga.

Kinywaji unafuata mwenyewe kwa kaunta na unalipa hapo hapo kwa kadi, mambo ya kufungua bili mpaka asubuhi sahau. Guinness yao ni ya bomba, painti ni mililita 568, na kilevi ni kama asilimia 4.2 so ni nyepesi kuliko hii yetu ya chupa. Jamaa atainamisha glasi ajaze mpaka karibu robo tatu, alafu aiwache kwa kaunta aende kuhudumia wengine. Hajakusahau! Inatulia kwanza, ikishageuka nyeusi anarudi kumalizia povu. Mkiwa kundi wananunua kwa raundi, ukikunywa ya mtu yako inafuata, kama hutaki kunywa sana jitoe kabla ya raundi ya kwanza. Sigara ni nje, ndani ilipigwa marufuku tangu 2004.

Baa za upande huu zikishajaa sana vuka mto Corrib uende ng'ambo, ni kama dakika kumi mpaka Crane Bar ya Sea Road, panda juu ghorofani, hiyo ndiyo napenda kuliko zote maana watu wameenda kusikiliza. Róisín Dubh iko Dominick Street, ni ya bendi za kisasa, angalia tiketi kabla. Beba jaketi ya kofia, mwavuli upepo wa Atlantic utaugeuza. Mwisho wa Julai kuna mbio za farasi Ballybrit, bei ya vyumba inapanda vibaya, bora Septemba katikati ya wiki. Teksi za kurudi zinapanga foleni Eyre Square, toka dakika kumi kabla baa zifungwe.