Ng'ombe, mbuyu na jua la Dodoma katika fremu moja

Watu wakiiona picha hii huuliza nilitumia kamera gani. Hawaulizi nilienda mara ngapi. Nilienda jioni sita, na tano kati ya hizo nilirudi mikono mitupu. Hapa naeleza ilivyopatikana, ili wewe uende mara mbili au tatu tu.

Hatua ya 1: Chagua mti, kisha uukimbie

Upande wa Mvumi na Hombolo mibuyu haihesabiki. Tafuta uliosimama peke yake, wenye njia ya ng'ombe karibu na shina, na uwanda mtupu upande wa mashariki ambako utasimama wewe. Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, wakati matawi yako uchi na vumbi lipo la kutosha. Mvua zikianza, majani huziba kila kitu na vumbi huwa tope. Tena upepo wetu wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo ukielekea magharibi vumbi linakwenda kwenye jua, lenzi yako inabaki salama.

Sasa rudi nyuma. Wengi hukosea hapa: wanausogelea mbuyu, halafu wanalalamika kwamba jua limetoka kama punje ya mtama. Jua lina upana wa nusu digrii popote utakaposimama; kinachobadilika ni ukubwa wa mti. Mbuyu wenye matawi yaliyotanda mita 20, ukiutazama kutoka mita 30, una upana wa majua kama 70. Utazame kutoka mita 200: majua 11. Na ng'ombe wa mita 2 aliye chini yake atakuwa karibu sawa na upana wa jua lenyewe. Hapo ndipo unapovuta kwa lenzi ya milimita 200 au zaidi.

Hatua ya 2: Msalimie mwenye ng'ombe

"Mbukwa", salamu ya Kigogo, itakufikisha mbali kuliko lenzi yoyote. Omba ruhusa, na kama anayechunga ni mtoto, nenda kwa mzazi wake kwanza. Kisha uliza ng'ombe wanakunywa wapi.

Mimi sikuuliza. Julai niliona kundi likipita pale saa 11 jioni, jua bado liko juu, nikaamua mahali pale hapafai. Septemba nilimkuta mzee mmoja kivulini, nikamwuliza siku hizi wanapita saa ngapi.

"Mwanangu, ng'ombe hana saa. Ana kiu."

Lambo la karibu lilikuwa limekauka. Kundi lilikuwa linaenda kisima cha mbali na kurudi kama saa 12 na nusu. Katikati ya Septemba jua la Dodoma huzama kwenye saa 12:35. Ratiba niliyoitafuta miezi miwili ilikuwa kwa huyo mzee muda wote.

Hatua ya 3: Pima jua kwa vidole

Programu ya simu itakupa saa ya machweo kwenye upeo ulionyooka. Sisi tuna vilima vya mawe kila upande, na kilima humeza jua mapema. Nyoosha mkono, laza vidole kati ya jua na mgongo wa kilima, uhesabu. Utakuta mtandaoni kanuni ya robo saa kwa kila kidole. Isahau. Huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na kidole changu kimoja ni kama dakika 8. Likishagusa mgongo wa kilima una dakika 2 hivi, basi limekwisha.

Jambo jingine lililonigharimu jioni mbili: mwezi Septemba jua halizami mahali pamoja. Kila siku linahama kuelekea kusini, yaani kushoto kwako, kwa karibu robo tatu ya upana wake. Jana lilikaa kwenye panda ya tawi; leo limejificha nyuma ya shina. Usilaumu mti, hama wewe: kwa mita 200, hatua mbili tatu kuelekea kulia zinalirudisha. Mwezi Juni na Desemba huhama kidogo sana, ukikosa leo unarudi kesho palepale.

Hatua ya 4: Mipangilio

Fupi tu. Spidi ya shata 1/500 ya sekunde au zaidi, maana miguu inatembea. Fokasi weka kwenye shina, kisha uizime isihangaike. Mwanga pima angani, ng'ombe na mti wawe vivuli vyeusi. Kwa simu: gusa anga, shikilia mpaka ijifunge, shusha alama ya kijua kwa kidole. Jua likiwa bado kali usilitazame kupitia tundu la kamera yenye lenzi ndefu; tumia skrini.

Hatua ya 5: Kaa

Methali ya subira tumeimbiwa tangu shule ya msingi, lakini hakuna aliyetuambia tubebe stuli. Beba stuli, na maji. Fika saa nzima kabla.

Usifungue simu. Kuna kazi. Baiskeli ikipita, ipige picha: inakuonyesha kama kitu kinachosogea kitasomeka mbele ya jua. Sikiliza kengele, maana utazisikia kabla ya kuona pembe. Vumbi nalo hutangulia.

Kundi likitokea, usikamue shata mfululizo. Jioni ya tano nilikamua. Kamera ikajaa, ikawa inajiandikia picha 40 za mikia wakati dume lenye nundu lilipoingia katikati ya jua likasimama kabisa. Nilikuwa nabonyeza chuma kisichojibu.

Subiri nafasi. Ng'ombe wakibanana, kwenye picha ya vivuli hutoka donge moja lenye miguu mingi. Tazama mwanga kati ya mnyama na mnyama, na kati ya miguu. Bonyeza wakati pua inakaribia kugusa ukingo wa jua, usingoje awe katikati. Kidole chako na kamera vyote vina uchelewaji wao. Picha tatu, pumzika, picha tatu.

Jioni ya sita nilipiga 14. Ya tisa ndiyo hii.

Hatua ya 6: Rudisha picha

Isafishe kwenye karatasi, umpelekee mwenye ng'ombe. Mzee aliishika mbali na macho, akaigeuza, hakusema lolote kuhusu jua wala mbuyu. Akahesabu kwa ukucha.

"Mbona yule mweupe hayupo?"

Alikuwa amebaki nyuma, nje ya fremu. Ijumaa narudi.