Namna ya Kukokotoa kwa Moli: Kutoka Tanuri la Chokaa hadi Kwenye Bureti

Mwanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita anayelalamikia hesabu za kemia mara nyingi hashindwi na hesabu zenyewe, kwani kuzidisha na kugawanya amekujua tangu shule ya msingi. Kinachomkwamisha ni kutaka kuvuka moja kwa moja kutoka gramu za dutu moja hadi gramu za dutu nyingine, ilhali mlinganyo wa kikemia hausemi lolote kuhusu gramu. Mlinganyo unahesabu chembe: molekuli ngapi za huyu zinakutana na ngapi za yule, na zinazaliwa ngapi. Kwa hiyo kila swali la kukokotoa, liwe la yabisi, la gesi au la mmumunyo, lina hatua tatu tu. Kwanza unageuza kile ulichopewa kiwe moli. Pili unatumia uwiano wa mlinganyo uliosawazishwa kupata moli za kile unachoulizwa. Tatu unazitoa moli hizo katika kipimo kilichotakiwa. Anayeruka hatua ya kati hupata jibu sahihi kwa bahati tu.

Moli ni idadi. Muuza vifaa vya ujenzi hahesabu misumari mmoja mmoja, bali huipima kwa kilo kwa sababu anajua misumari ya aina moja ina uzito ule ule. Mwanakemia naye hufanya vivyo hivyo na atomu, isipokuwa idadi yake ni kubwa mno, takriban 6.02 × 10²³ kwa kila moli. Idadi hiyo imepewa jina la Amedeo Avogadro, mwanasayansi wa Italia ambaye mwaka 1811 alipendekeza kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika halijoto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Tangu tarehe 20 Mei 2019 thamani yake imewekwa kimataifa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, ingawa katika mtihani tarakimu tatu zinatosha.

Tungamo ya moli moja hupatikana kwa kujumlisha tungamo za atomu zilizomo kwenye fomula, kisha kuandika jumla hiyo kwa gramu. Kalsiamu kaboneti, CaCO₃, ina kalsiamu moja (40), kaboni moja (12) na oksijeni tatu (16 × 3 = 48), hivyo moli yake moja ina gramu 100. Ukigawanya gramu ulizopewa kwa tungamo hii unapata moli. Ukizidisha moli kwa tungamo hii unarudi kwenye gramu.

Tuchukue kazi ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameifanya kwa karne nyingi: kuchoma mawe ya matumbawe ili kupata chokaa ya kujengea. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na moto mkali huyavunja hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Tuseme tanuri limepakiwa kilo 250 za mawe, na asilimia 90 ya mawe hayo ni kalsiamu kaboneti halisi. Je, chokaa ngapi itatoka? Anza kwa kuondoa uchafu: asilimia 90 ya kilo 250 ni kilo 225, yaani gramu 225,000. Ukigawanya kwa 100 unapata moli 2,250. Mlinganyo unaonyesha kwamba moli moja ya kaboneti hutoa moli moja ya CaO (kalsiamu oksidi, ndiyo chokaa yenyewe), kwa hiyo moli za CaO nazo ni 2,250. Tungamo ya moli moja ya CaO ni 40 + 16 = 56, na 2,250 × 56 ni gramu 126,000, yaani kilo 126. Kilo 99 zimepaa zikiwa kaboni dayoksidi, nayo pia hutoka kwa hesabu ile ile: 2,250 × 44. Jumlisha 126 na 99 uone kama unarudi kwenye 225; ukaguzi huu unachukua sekunde chache, na ni ajabu kwamba watahiniwa wengi hawaufanyi.

Gesi hiyo ukitakiwa kuitaja kwa ujazo, zidisha moli kwa 22.4 iwapo swali linasema nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa moja, au kwa 24 iwapo linasema halijoto ya chumbani. Hapa, kwa hali ya kwanza, ni desimita za ujazo 50,400.

Chokaa iliyotoka tanurini humwagiwa maji, ikafoka kwa joto na kugeuka kuwa Ca(OH)₂:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Maswali ya namna hii hupenda kutaja kiasi cha vitu viwili kwa pamoja, na hapo ni lazima ujue ni kitendanishi kipi kitawahi kuisha. Ukipewa gramu 5.6 za CaO na gramu 2.7 za maji, usidanganywe na uchache wa gramu za maji. Gramu 5.6 ÷ 56 ni moli 0.10 za CaO, na gramu 2.7 ÷ 18 ni moli 0.15 za maji. Kwa kuwa uwiano ni moli moja kwa moli moja, CaO ndiyo inayoisha kwanza, na ndiyo inayoamua mazao: moli 0.10 × 74, yaani gramu 7.4. Maji ya moli 0.05 yanabaki.

Sasa tuje maabara, kwenye titresheni, yaani kutafuta ukolezi wa mmumunyo mmoja kwa kuudondosha kwenye mwingine hadi mmenyuko ukamilike; hapa hesabu nzuri huharibiwa na mikono. Bureti, mrija wenye alama za ujazo unaodondosha asidi, husuuzwa kwa asidi itakayowekwa humo, na pipeti, inayopima ujazo mmoja maalumu, kwa mmumunyo itakaounyonya, kwa sababu matone ya maji yaliyobaki ndani yangeupunguzia mmumunyo ukolezi wake. Chupa ya koni, kinyume chake, husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa tu. Maji yanayosalia humo hayadhuru, kwani moli zilizoshuka kutoka kwenye pipeti ni zile zile hata zikiongezewa maji. Lakini ukiisuuza kwa mmumunyo wenyewe, umeongeza moli usizozihesabu. Ondoa faneli kabla ya kusoma, soma sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wa mmumunyo jicho likiwa usawa wake, na usiingize jaribio la kwanza la makisio katika wastani.

Chukua mfano huu. Gramu 2.65 za sodiamu kaboneti kavu, Na₂CO₃, zimeyeyushwa na kufikishwa sentimita za ujazo 250. Sentimita za ujazo 25.00 za mmumunyo huo, kwa kiashirio (rangi inayoonyesha mmenyuko umekamilika) cha methili ya machungwa, zimehitaji wastani wa sentimita za ujazo 24.50 za asidi ya haidrokloriki:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli za kaboneti ni 2.65 ÷ 106 = 0.025 katika mmumunyo wote, na katika pipeti moja ni sehemu ya kumi yake, 0.0025. Uwiano hapa ni moja kwa mbili, hivyo moli za asidi ni 0.0050. Gawanya kwa desimita za ujazo 0.02450, na ukolezi wa asidi unakuwa 0.204 M, yaani moli 0.204 kwa kila desimita ya ujazo.

Kiashirio nacho kina neno lake. Methili ya machungwa huanza ikiwa ya njano na hubadilika kaboneti yote inapokwisha. Fenolfthalini hupoteza uwaridi wake mapema, pale kaboneti inapogeuka kuwa bikaboneti, na usomaji wako utakuwa takriban nusu ya unaotakiwa.

Soma pia lebo ya chupa ya kaboneti kabla ya kupima. Fuwele zake za kufulia ni Na₂CO₃·10H₂O, na moli moja ina gramu 286 badala ya 106; kwa moli zile zile 0.025 ingebidi zipimwe gramu 7.15.