Wafalme wa Uingereza: anza pale kamba ya urithi ilipokatika

Watu wanaonijia tujiandae pamoja kwa mtihani wa Life in the UK, ule wa wanaotaka uraia wa Uingereza au ukaazi wa kudumu, huja na ugonjwa mmoja: wamekariri majina. William, William, Henry, Stephen, Henry, Richard, John. Wanayamwaga mpaka pumzi inawaishia. Ukiwauliza huyo Stephen katokea wapi katikati ya akina Henry, kimya. Mtihani una maswali 24, unapewa dakika 45, na ili ufaulu upate angalau 18. Hakuna atakayekuomba utaje wafalme wote kwa mpangilio, kwa hiyo acha kujitesa.

Chukua karatasi tupu na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Mfalme aliyerithi kwa baba yake bila zogo, mwandike kwa wino mweusi, herufi ndogo, usonge mbele. Nyekundu iwekee miaka ambayo kiti kilimwendea mtu asiyetarajiwa, au kilikosa mtu kabisa. Iandike kutoka juu kwenda chini ukingoni kushoto: 1066, 1135, 1399, 1485, 1603, 1649, 1688, 1714, 1936. Kisha kila mwaka uulize maswali matatu: aliyeondoka alimwacha nani? Nani alikuwa na jeshi? Nani alishika fedha?

Jaribu na 1066. Edward Muungamaji, mfalme wa England, alifariki Januari mwaka huo bila mtoto. Waliotaka kiti walikuwa Harold Godwinson, kabaila mkubwa wa England aliyetawazwa upesi upesi. Harald Hardrada, mfalme wa Norway. Na William, mtawala wa Normandy. Harold aliwapiga Wanorway pale Stamford Bridge, karibu na York, tarehe 25 Septemba. Wakati huo huo William akavuka bahari na kushuka kusini. Harold akageuza jeshi lililochoka, na tarehe 14 Oktoba akauawa karibu na Hastings. Siku ya Krismasi William alikuwa anavishwa taji Westminster Abbey. Maswali mawili yamejibiwa. La tatu lilijibiwa taratibu zaidi: aliwanyang'anya mabwana wa Kiingereza ardhi akawagawia Wanormani wake, na mwaka 1086 zikaandikwa kumbukumbu za Domesday, kijiji kwa kijiji, ijulikane nani anamiliki nini na mfalme anadai nini.

Sasa Stephen. Mwaka 1120 meli iliyoitwa White Ship ilizama karibu na Barfleur, pwani ya Normandy, ikiwa na mtoto pekee wa kiume wa ndoa wa Henry wa Kwanza. Henry akawaapisha mabwana wake kwamba wangemkubali binti yake, Matilda. Alipofariki mwaka 1135, Stephen, mtoto wa dada yake, alikimbilia London akatawazwa kabla Matilda hajafika. Vita vikafuata, nchi ikaungua miaka mingi, hadi mwaka 1153 walipopatana: Stephen abaki na kiti mpaka kufa, kisha kiende kwa mtoto wa Matilda. Huyo ndiye Henry wa Pili, wa kwanza katika nasaba ya Plantagenet. Ukishaisikia habari ya ile meli, Stephen hakupotei tena.

John hana nyekundu kwangu, ila mpe nyota. Alipoteza Normandy mwaka 1204, akawabana mabwana kwa kodi ili airudishe, na Juni 1215 wakamkalisha uwanja wa Runnymede aidhinishe Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka. Swali la fedha ndilo lililomkamata.

Miaka ya 1399 na 1485 isikuweke sana. Richard wa Pili hakuwa na mtoto na binamu yake akampindua. Vizazi vya baadaye, koo mbili za familia hiyo hiyo, Lancaster na York, zikamalizana vitani. Kwenye vita vya Bosworth, tarehe 22 Agosti 1485, Richard wa Tatu akafa na Henry Tudor akashika taji. Haki yake ya damu ilikuwa nyembamba, imepitia kwa mama yake, ndiyo maana alifanya haraka kumwoa Elizabeth wa York. Mifupa ya Richard ilipatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Hiyo wanafunzi wangu hawaisahau hata niwakataze.

Kwa Tudor, tulia. Hapa pana maswali mengi na pana utamu. Henry wa Nane alitaka mtoto wa kiume. Catherine wa Aragon alimpa Mary, na Papa akakataa kuivunja ndoa. Mwaka 1534 Bunge likamtangaza Henry kuwa mkuu wa Kanisa la England, kisha monasteri zikafungwa na mali zake zikaingia kwenye hazina ya mfalme. Uliza tena swali la tatu uone kama lilikuwa jambo la mapenzi tu. Wake zake sita wakariri kwa majaliwa yao: Catherine wa Aragon aliachwa, Anne Boleyn alikatwa kichwa, Jane Seymour alifariki baada ya kumzaa Edward, Anne wa Cleves aliachwa, Catherine Howard alikatwa kichwa, Catherine Parr akabaki hai. Watoto watatu walitawala wote: Edward wa Sita, Mprotestanti, Mary, Mkatoliki, Elizabeth, Mprotestanti. Kati ya Edward na Mary kuna Jane Grey, msichana aliyewekwa kitini siku tisa na baadaye akauawa.

Kama una sarafu yoyote ya Uingereza, isome ukingoni. Karibu na jina la mfalme utaona herufi F D, kifupi cha Kilatini Fidei Defensor, yaani Mlinzi wa Imani. Cheo hicho Papa Leo wa Kumi alimpa Henry wa Nane mwaka 1521, kwa kumtetea dhidi ya Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti! Walipokosana Papa alikifuta, Bunge likakirudisha, na Charles wa Tatu bado anakibeba mfukoni mwako.

Mwaka 1603 Elizabeth alifariki bila mtoto, taji likaenda kwa James wa Sita wa Uskoti, kitukuu cha dada yake Henry wa Nane. Kule wa Sita, England wa Kwanza, mtu yule yule. Hapa wengi hupotea. Mtu mmoja alivaa mataji mawili, lakini falme zilibaki mbili na mabunge mawili mpaka muungano wa 1707. Kabla ya hapo usiandike "mfalme wa Britania" ukadhani umejibu sawa. Hesabu za namba zenyewe huanza upya na William wa 1066, ndiyo maana Edward Muungamaji hana namba na Edward wa Kwanza anakuja mwaka 1272.

Charles wa Kwanza alitawala miaka kumi na moja bila kuita Bunge. Kilichomrudisha ni ukata: alitaka kuwalazimisha Waskoti kitabu chake cha sala, wakachukua silaha, naye hakuwa na fedha za vita. Mwaka 1642 Bunge na mfalme wakapigana. Tarehe 30 Januari 1649 alikatwa kichwa nje ya Banqueting House, Whitehall, akiwa amevaa mashati mawili ili watu wasidhani kutetemeka kwa baridi ni woga. Jumba lenyewe bado lipo. Ukiwa London lipitie, ule mwaka hautakutoka. Akafuata Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge, nchi ikakaa bila mfalme, na mwaka 1660 Charles wa Pili akarudishwa.

Mwaka 1688 ndio ninaouona mkubwa kuliko yote, hata kuliko 1066. James wa Pili, Mkatoliki, alipata mtoto wa kiume, na wakubwa wakaona ufalme wa Kikatoliki haungekwisha. Wakamwita William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi, mume wa Mary, binti wa James mwenyewe. James akakimbilia Ufaransa. Sheria ya Haki ya 1689 ikasema mfalme hatozi kodi wala kuweka jeshi wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Mwaka 1701 Bunge likaamua na mrithi pia: lazima awe Mprotestanti. Angalia karatasi yako. Maswali yote matatu sasa yana jibu moja: Bunge.

Ndiyo maana baada ya 1714 wino mwekundu unakaribia kukauka. Anne alishika mimba 17 na hakuacha mtoto hai. Wakatoliki zaidi ya hamsini waliokuwa karibu zaidi kwa damu wakarukwa, akaletwa George kutoka Hanover, Ujerumani. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, shughuli zikazidi kuwaangukia mawaziri, na kuanzia 1721 Robert Walpole akahesabiwa waziri mkuu wa kwanza. Nyekundu ya mwisho ni 1936: Edward wa Nane alitaka kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani mwenye talaka, serikali ikagoma, akaachia kiti Desemba kabla hata ya kutawazwa. Mdogo wake ndiye George wa Sita, baba wa Elizabeth wa Pili.

Vita vinavyoulizwa sana viweke ukingo wa kulia, mbele ya mfalme wake: Bannockburn 1314, Agincourt 1415, Armada 1588, Boyne 1690, Culloden 1746. Trafalgar na Waterloo usizilazimishe hapa. Zipe karatasi ya pili, pamoja na mawaziri wakuu na miaka haki ya kupiga kura ilipopanuliwa, 1832, 1918 na 1928, maana huko anayeshika kalamu nyekundu ni mpiga kura.