Chanjo za Mbwa, Paka na Sungura: Umri Ndio Unaoongoza Ratiba

Anayefuga mbwa au paka nyumbani kwa kawaida huuliza mnyama wake anahitaji sindano ngapi. Lenye manufaa zaidi ni kuuliza mnyama huyo atakuwa na umri gani siku ya dozi ya mwisho ya utotoni, kwa sababu ratiba inayokatishwa mapema huweza kumwacha bila kinga hata kama kadi yake imejaa mihuri.

Mtoto wa mbwa au wa paka hupata kingamwili za mama yake hasa kwa kunyonya dang'a katika saa za mwanzo za uhai wake. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huizuia chanjo, kwani zikiwa bado nyingi hunasa virusi vilivyodhoofishwa vilivyomo ndani yake kabla mwili wa mtoto haujajifunza kuvitambua. Hupungua polepole, na kwa kasi inayotofautiana hata baina ya ndugu wa tumbo moja: mmoja huweza kuitikia chanjo akiwa na wiki 8, na mwenzake asiitikie mpaka apite wiki 14. Kwa kuwa hakuna awezaye kulijua hilo kwa kumtazama mnyama, dozi huanza kutolewa kati ya wiki 6 na 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16 au azidi. Kurudia huko hakulengi kuongeza nguvu juu ya nguvu, bali kuhakikisha kwamba angalau dozi moja inamkuta mnyama akiwa tayari. Ndiyo maana, iwapo uwezo wa mfugaji unatosha kwa dozi moja tu, ni afadhali itolewe katika wiki ya 16 au baadaye kuliko katika wiki ya 8.

Hufika pia kipindi ambacho kingamwili za mama zimepungua kiasi cha kutoweza tena kumkinga mtoto, ilhali zinatosha bado kuizuia chanjo. Katika wiki hizo mbwa mchanga asiachwe kunusanusa mahali wanapopita mbwa wasiojulikana, ingawa anaweza kuzoeshwa watu na mbwa waliochanjwa. Virusi vya parvo, vinavyowaletea mbwa kuhara na kutapika vikali, hudumu udongoni kwa miezi mingi na haviuawi na sabuni ya kawaida. Sakafu ngumu isafishwe kwanza, kisha ipakwe dawa ya klorini iliyochanganywa na maji.

Kwa mbwa, magonjwa yasiyopaswa kukosekana kwenye kadi ni distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na neva), parvo, homa ya ini ya kuambukiza na kichaa cha mbwa. Baada ya dozi za utotoni hutolewa nyingine kati ya miezi 6 na 12, na tangu hapo chanjo za magonjwa matatu ya kwanza huhitajika kila baada ya miaka 3, si kila mwaka kama wengi walivyozoea. Chanjo ya leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine na unaompata binadamu pia, ndiyo inayodai kurudiwa kila mwaka, baada ya dozi 2 za mwanzo. Kichaa cha mbwa huchanjwa kwa kawaida kuanzia wiki 12 na kurudiwa baada ya mwaka 1. Zaidi ya hapo, sheria ya nchi na maelezo ya mtengenezaji ndiyo yanayoamua. Hapa sioni nafasi ya kusitasita, kwa kuwa dalili zake zikishajitokeza ugonjwa huu huua karibu kila mara, awe mnyama au binadamu.

Paka huchanjwa dhidi ya panleukopenia (ugonjwa wa virusi unaoangamiza chembe nyeupe za damu), virusi vya hepesi na virusi vya kalisi, pamoja na kichaa cha mbwa. Chanjo za hepesi na kalisi hupunguza ukali wa mafua ya paka bila kuyazuia kabisa. Paka mdogo, au anayetoka nje, huongezewa chanjo ya virusi vya lukemia, yaani saratani ya damu, baada ya kupimwa kwanza. Paka mwenye mimba asipewe chanjo hai ya panleukopenia, yaani yenye virusi vilivyodhoofishwa tu, kwani huweza kudhuru ubongo wa watoto walio tumboni.

Sungura ana magonjwa yake: miksomatosisi, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na viroboto na mbu, na homa ya kutoka damu, ambayo huweza kumwua ghafla bila dalili. Kwa homa hiyo hakikisha chanjo inakinga aina zote mbili, kwa sababu aina ya pili, iliyotambuliwa Ufaransa mwaka 2010, huwaua hata sungura wachanga. Virusi vyake huingia nyumbani kwa nyasi, viatu au wadudu, hivyo kumfungia sungura ndani hakutoshi. Chanjo nyingi hurudiwa kila mwaka.

Siku ya chanjo, mpeleke mnyama asiye na homa, umweleze daktari dawa anazotumia, na uridhike kwamba chanjo imehifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi bila kugandishwa. Subiri hapo kwa dakika 15 hadi 30. Akivimba uso, akitapika mfululizo au akizirai, anahitaji matibabu papo hapo. Uchovu wa siku moja au mbili ni wa kawaida. Kwa paka, uvimbe mahali pa sindano upimwe iwapo umedumu miezi 3, umezidi sentimita 2, au unaendelea kukua mwezi 1 baada ya chanjo, kwa kuwa mara chache huwa ni saratani.