Kabla hujafungua zahanati Mombasa, piga simu kwanza

Mwenzangu afisa wa kliniki, au wewe nesi uliyechoka kuajiriwa na sasa umepata chumba cha kukodi Kisauni au Likoni, nisikilize kabla hujanunua rangi ya ukuta.

Leseni ni mbili: yako wewe, inayohuishwa kwa pointi za masomo ya kujiendeleza, na ya jengo, inayotolewa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Usianze na moja ukisema nyingine itakuja.

Mkataba na SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ushughulikie mapema. Hata hivyo kodi ya miezi ya mwanzo itoke mfukoni mwako, kwa sababu mwenye nyumba hangoji malipo ya bima.

Miongozo ya tiba ya Wizara ya Afya ichapishe, uiweke mezani. Simu huishiwa chaji. Na usiige ile tabia ya kuita kila homa malaria. Mji huu umeona dengi zaidi ya mara moja, na chikungunya ikatuvunja viungo kuanzia mwisho wa 2017. Pima kwanza. Ukishuku dengi, usimpe mgonjwa aspirini wala ibuprofeni, hata akikuomba.

Friji ya chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na daftari la joto lijazwe asubuhi na jioni. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu kumtoka mama baada ya kujifungua, nayo ikae humo humo, si kwenye kabati. Joto la Mombasa mwezi wa Machi unalijua. Umeme ukikatika, uwe ushapanga sanduku baridi litabebwa na nani, likapelekwe wapi.

Sasa namba za simu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoungua.

Usiku mmoja wa mvua, ng'ambo ya Likoni, mama alijifungua kwetu vizuri, mtoto akalia. Kondo likatoka. Baada ya dakika chache nesi akaniita kwa sauti ambayo sikuipenda. Damu ilikuwa inashuka. Tukampa oksitosini vitengo 10, tukasugua tumbo, tukatundika maji, tukamchoma asidi ya traneksamiki gramu 1, dawa ya kusaidia damu igande, ambayo hufaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Damu ikapungua lakini haikukata.

Namba ya gari la wagonjwa ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa kalamu nene na kufunikwa plastiki. Nilijivunia ile karatasi. Nikapiga: haipatikani. Nikapiga ya pili. Akapokea mzee mwenye usingizi, akaniambia kazi ile aliiacha kitambo, yuko kwao Kilifi, na akanipa pole. Mwisho tulimlaza mama nyuma ya pikapu ya jirani muuza samaki, nesi akishikilia chupa ya maji juu. Kivukoni, askari alipoona shuka lile akatupisha mbele ya foleni. Lakini feri ni feri, haikimbii kwa sababu wewe una haraka.

Tulipofika hospitali hakuna aliyekuwa anatungoja, na kosa lilikuwa langu. Namba ya wodi ya kujifungulia sikuwa nayo, nilikuwa na ya mapokezi tu. Kundi la damu likaanza kupimwa pale pale, wakati lingeweza kuulizwa na kutafutwa sisi tukiwa bado majini. Mama alipona. Mwanawe sasa yuko chekechea, na mimi bado nikisikia honi ya feri usiku huwa nageuka kitandani.

Basi fanya hivi. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, piga kila namba iliyo ukutani: magari mawili ya wagonjwa ya wenyewe tofauti, wodi ya kujifungulia, benki ya damu, jirani mwenye gari. Uliza jina la aliyepokea, andika tarehe kando. Isiyopokewa ifutwe siku hiyo hiyo. Walioko kusini wajue pia njia ya Dongo Kundu: ni ndefu, lakini haina feri. Na barua ya rufaa iandikwe saa ya kila dawa, si jina la dawa peke yake.

Kundi la WhatsApp la wenzako ni zuri kwa kuuliza upele au picha ya moyo, mradi jina la mgonjwa lisitajwe. Sheria ya kulinda data ya 2019 haisamehi kwa sababu mnajuana. Wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako wajue kwa majina, maana wao ndio watakaokuambia nani ameacha dawa za presha.

Mengine ni ya kawaida. Sanduku la sindano lisijae mpaka juu. Tangi la maji lifunikwe, mbu wa dengi hupenda maji masafi. Mlinzi awe na ufunguo wa geti, si mwenye nyumba. Na spana ya mtungi wa oksijeni ifunge kwa kamba kwenye mtungi wenyewe, maana fundi akija kurekebisha bomba ndiyo ya kwanza kuondoka nayo.